Jinsi ya Kuunda Uhasama na Vita vya Makundi ya Zama za Kati Katika Mchezo wa Mikakati: Mfano wa Firenze, 1258–1269

Ukifungua mchezo wa vita vya Zama za Kati, mara nyingi kitu cha kwanza kuonekana ni ramani yenye rangi: Siena nyekundu, Firenze buluu, mpaka katikati, majeshi yakitazamana. Ramani ya namna hiyo inafaa kwa wafalme wanaogombea ardhi. Kwa vita vya makundi inapotosha. Tarehe 4 Septemba 1260 pale Montaperti, karibu na Siena, jeshi la Firenze lilipigwa vibaya na jeshi ambalo ndani yake walikuwamo watu wa Firenze wenyewe, wazaliwa wa mitaa ileile, wakiongozwa na Farinata degli Uberti. Walikuwa wamefukuzwa mjini miaka miwili kabla. Hawakupigania kijiji wala mpaka, walipigania kurudi kwao.

Kwa hiyo mfumo ninaoueleza hapa una nguzo moja: kitu kinachoendesha mchezo ni kufukuzwa na kurudi. Mapigano ni njia tu ya kufika huko. Unaweza kuujenga kwa karatasi na dadu, kwa Excel, au kuuingiza kwenye modi ya mchezo wa kompyuta kama Crusader Kings III. Hesabu zake hazibadiliki. Nimetumia Toscana, eneo la Italia lenye miji ya Firenze na Siena, kwa ugomvi wa Wagwelfi (waliohesabiwa upande wa Papa) na Waghibelini (upande wa Kaisari wa Dola Takatifu la Kiroma), kwa sababu kumbukumbu zake ni nyingi na mapinduzi yake yanafuatana haraka.

Hatua ya 1: Kata kipande kidogo cha wakati

Usianze na miaka mia. Chukua 1258 hadi 1269. Mwaka 1258 familia ya Uberti na wenzao wanatolewa Firenze na kukimbilia Siena. Mwaka 1260 wanarudi kwa ushindi wa Montaperti, na Wagwelfi wanakimbilia Lucca. Februari 1266 mfalme Manfred wa Sisilia, mlezi wa Waghibelini, anauawa Benevento. Pasaka ya 1267 Wagwelfi wanaingia tena mjini. Juni 1269 Siena inapigwa Colle di Val d'Elsa na kiongozi wake, Provenzano Salvani, anauawa. Hiyo ni miaka 12 yenye mageuzi mawili kamili.

Kila mwaka uwe na zamu mbili. Zamu ya kiangazi ni ya majeshi, zamu ya baridi ni ya ndoa, mikopo, hukumu na njama. Jumla zamu 24, ambazo watu wanne wanaweza kuzimaliza jioni moja ikiwa hawabishani sana.

Hatua ya 2: Mchezaji awe ukoo, usiwe mji

Tengeneza jedwali la koo kumi hadi kumi na mbili za Firenze. Kwa kuanzia tu, Uberti, Lamberti na Amidei weka upande wa Waghibelini. Buondelmonti, Donati, Adimari, Tosinghi na Cavalcanti upande wa Wagwelfi. Kila ukoo upewe safu hizi: fedha, wapanda farasi, nyumba na minara, heshima, watoto wa kiume walio hai, na mahali ulipo (ndani ya mji au nje).

Angalia nilichokiacha: hakuna safu ya chama. Nimeiacha kwa makusudi. Ukiandika “Mgwelfi” kama sifa ya kudumu, mchezo wako utakuwa timu mbili za mpira zenye jezi, na historia haikwenda hivyo. Mwaka 1258 serikali ya Firenze, iliyoelemea kwa Wagwelfi, ilimkata kichwa abate wa Vallombrosa kwa tuhuma za kula njama, na Papa akautenga na Kanisa mji uliodhaniwa kuwa wake. Miaka arobaini baadaye Wagwelfi wenyewe walichinjana wao kwa wao. Upande wa ukoo unapaswa kuzalishwa na hesabu, kila zamu ya baridi, kutokana na mambo mawili: ukoo unamchukia nani, na unamtegemea nani kifedha.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Jumlisha vinyongo vya ukoo (alama za chuki, tazama Hatua ya 3) dhidi ya koo zote za kundi la kwanza, kisha dhidi ya kundi la pili. Ukoo unakaa kwenye kundi lenye jumla ndogo. Ikiwa una mkopo, cheo au shamba kutoka kwa mlezi wa kundi fulani, punguza 15 kwenye jumla ya kundi hilo kabla ya kulinganisha. Tofauti ikiwa chini ya 10, ukoo haujaamua; utakaa kimya na kusubiri mshindi, na koo za aina hii ndizo zitakazokupa michezo mizuri kuliko zote.

Hatua ya 3: Daftari la vinyongo

Weka namba kutoka 0 hadi 100 kati ya kila koo mbili, kwa kila upande peke yake. Uberti wanaweza kuwachukia Buondelmonti kwa 70 huku Buondelmonti wakiwachukia Uberti kwa 55. Namba zote ni za mchezo, zigeuze upendavyo, lakini uwiano huu unafanya kazi: kuua mtu wa ukoo huongeza 40, kuvunja uchumba 20, kubomoa nyumba 25, kuchukua mali kwa hukumu 15, tusi la hadharani 5.

Wanahistoria wa kale wa Firenze walisimulia kwamba yote yalianza Pasaka ya 1216, Buondelmonte de' Buondelmonti alipouawa karibu na daraja la Ponte Vecchio kwa kumwacha binti wa Amidei na kuoa binti wa Donati. Itumie hadithi hiyo kama tukio la kuanzishia vinyongo, ila usiamini kwamba posa moja ilizaa vita ya karne nzima. Makundi yalikuwapo tayari, posa ikayapa kisingizio. Katika mchezo maana yake ni hii: tukio lolote lenye alama 20 na zaidi lisambae. Koo zilizooana au kukopeshana na mhanga zipokee nusu ya kinyongo chake. Ndivyo ugomvi wa nyumba mbili unavyogeuka ugomvi wa mji.

Kinyongo kipungue kwa alama 2 kila mwaka, isipokuwa kilichotokana na damu. Hicho kisishuke chini ya 20 mpaka kisasi kilipwe au suluhu ifungwe mbele ya watu. Mkuu wa ukoo akifa, mwanawe arithi vinyongo vyote bila punguzo.

Ndoa ya suluhu ni chombo kizuri na hatari. Mwaka 1267 mshairi Guido Cavalcanti, kutoka ukoo wa Wagwelfi, alifungwa uchumba na binti wa Farinata mwenyewe. Ndoa ishushe kinyongo kwa 15 pande zote mbili, lakini mmoja akishambulia nyumba ya mwenzake baada ya hapo, kinyongo kipande kwa 30. Wachezaji watajifunza upesi kwamba kuoza binti kwa adui ni kuweka rehani.

Hatua ya 4: Serikali ya mji, na nguvu ya tatu

Hapa pita haraka. Mji unaongozwa na podesta, hakimu mkuu anayeletwa kutoka mji mwingine kwa muda mfupi ili asiwe ndugu wa mtu. Kundi linaloshika wingi wa heshima ndani ya mji linamchagua kila baridi, na podesta wao anawapa kura mbili za ziada katika hukumu.

Lakini usisahau Popolo, yaani wafanyabiashara na mafundi wenye vyama vyao. Mwaka 1250 waliwasukuma pembeni wakubwa, wakaweka nahodha wao, na kuamuru minara ya koo ikatwe isizidi braccia 50, takriban mita 29. Miaka miwili baadaye mji ukaanza kufua sarafu ya dhahabu, florini, yenye uzito wa kama gramu 3.5. Popolo asiwe mchezaji. Awe kipimo kinachopanda kila barabara zinapofungwa na vita: alama 1 kwa mapigano ndani ya mji, 2 kwa jeshi lililoshindwa. Kikifika 10, zamu inayofuata koo zote kubwa zinapoteza mnara mmoja na podesta anachaguliwa kwa kura ya bahati. Baada ya hapo kipimo kirudi 4. Bila kipimo hiki wachezaji watachomana moto mpaka pasibaki mji wa kugombea.

Hatua ya 5: Kufukuzwa

Hii ndiyo sehemu ya kuitumia muda wako mwingi.

Kundi lililoshika mji linaweza, zamu ya baridi, kutoa hukumu dhidi ya ukoo wowote. Ukoo uliohukumiwa unapoteza nyumba na minara yote papo hapo. Unabaki na wapanda farasi wake wote na nusu ya fedha, kwa kuwa wafanyabiashara wa Firenze walikuwa na fedha mbali na mji, hata kwenye masoko ya Champagne huko Ufaransa. Kisha unachagua mji wa kukimbilia. Hapo ndipo wabunifu wengi hukosea: wanauondoa mchezaji kwenye meza. Mfanyie kinyume. Aliyefukuzwa awe na mambo mengi ya kufanya kuliko aliyebaki.

Nje ya mji, ukoo ulipe fedha 1 kwa kila mpanda farasi kila zamu. Mji mwenyeji unalipa nusu ya gharama hiyo, na kwa malipo hayo unapata vikosi vyao vitani, pamoja na kipimo cha ari ya vita kinachopanda alama 1 kila zamu. Kikifika 6, mwenyeji lazima aingie vitani kiangazi kinachofuata au awafukuze wageni wake. Siena ilikuwa kwenye hali hiyo 1260. Lucca ilipata shinikizo la upande wa pili: iliwapokea Wagwelfi baada ya Montaperti, na baadaye ikalazimika kuwatoa.

Fedha zikiisha, ukoo una njia tatu. Unaweza kuomba msamaha, ukarudi na nusu ya heshima na bila mnara hata mmoja. Unaweza kujikodisha kwa mlezi wa mbali: Wagwelfi wa Firenze walipigana Benevento 1266 chini ya Charles d'Anjou, ndugu wa mfalme wa Ufaransa na adui wa Manfred, wakiongozwa na Guido Guerra. Au unaweza kutawanyika, na hapo ndipo mchezo unaisha kwako.

Sasa mali iliyochukuliwa. Usiitupe kwenye hazina na kuisahau. Waliporudi 1267, Wagwelfi waligawa mali za Waghibelini mafungu matatu: moja kwa mji, moja kufidia walioharibiwa mali zao baada ya 1260, moja kwa chama chao kilichoitwa Parte Guelfa. Weka kanuni hiyohiyo. Uberti wakiwa na mali ya alama 9, alama 3 ziende kwa mji, 3 kwa koo zilizodhurika, 3 kwenye mfuko wa kundi. Kisha andika jina la anayezishika. Kila mwenye kushika mali ya mwingine anapata kura ya lazima: hawezi kupiga kura ya kumrudisha mwenye mali bila kurudisha alama zote. Utaona mchezaji aliyeingia mezani akihubiri suluhu anavyobadilika mara tu anapopewa shamba la jirani. Huhitaji kumwandikia kompyuta sheria ya ukatili. Inatosha shamba.

Uberti hawakurudi. Ardhi ya nyumba zao zilizobomolewa iliachwa wazi, na leo ni sehemu ya uwanja mkuu wa mji, Piazza della Signoria.

Hatua ya 6: Walezi wa nje

Papa, Manfred na Charles d'Anjou wasiwe wachezaji. Wawe karata zenye masharti. Anayemwita Manfred anapata vikosi 8 vya wapanda farasi wa Kijerumani kwa zamu mbili. Kwa kubadilishana, akishinda, Manfred anaweka mtu wake mjini na kura moja ya podesta inapotea. Kwa Charles masharti ni mazito zaidi. Waliomleta walijikuta wamempa upodesta wa Firenze kwa miaka kadhaa.

Papa hana vikosi, silaha yake ni madeni ya watu. Urban IV, aliyechaguliwa 1261, alitumia silaha ambayo sijaiona kwenye mchezo wowote sokoni: aliwatangazia wadaiwa kwamba hawalazimiki kuwalipa wafanyabiashara walioshikamana na Manfred. Nyumba za biashara za Firenze, mji ukiwa bado chini ya Waghibelini, zikaenda moja baada ya nyingine kuapa utii kwa Kanisa, na fedha zikaelekea kwenye safari ya Charles. Katika mchezo karata ya Papa ifanye hivi: kila ukoo wenye fedha 6 na zaidi uchague sasa hivi, kupoteza nusu yake au kuhamia upande wa Papa kwa siri. Siri iwe siri kweli. Andika kwenye karatasi na uifunike. Ni zamu moja inayoweza kupindua mchezo bila upanga kuchomolewa.

Walezi hufa, na makundi yao huanguka nao. Kifo cha Kaisari Frederick II, tarehe 13 Desemba 1250, kiliwaacha Waghibelini bila mgongo. Cha Manfred kiliwamaliza Firenze. Kila baridi rusha dadu mbili kwa kila mlezi: zikitoka 2, amekufa, na kila ukoo uliokuwa na punguzo la 15 kwa ajili yake unalipoteza palepale. Fanya hesabu ya Hatua ya 2 upya. Utaona koo zikihama mchana kweupe.

Hatua ya 7: Mapigano

Yafanye mafupi: jumla ya vikosi na dadu mbili kila upande, mwenye namba kubwa ameshinda, aliyeshindwa anapoteza theluthi ya wapanda farasi. Ongeza mambo mawili tu, kwa kuwa ndiyo yanayotofautisha vita vya makundi na vita vya wafalme.

La kwanza ni usaliti. Inasimuliwa kwamba pale Montaperti Bocca degli Abati, aliyekuwa katika jeshi la Firenze, aliukata mkono wa Jacopo de' Pazzi aliyeshika bendera ya wapanda farasi, na safu zikavunjika. Kabla ya mapigano, kila ukoo wenye kinyongo cha 30 na zaidi dhidi ya ukoo unaoongoza jeshi lake urushe dadu mbili kwa siri, ujumlishe kinyongo kilichogawanywa kwa 10, na ukifikisha 14 uamue kugeuka au kutogeuka. Kwa kinyongo cha 40 unahitaji 10 au zaidi kwenye dadu, yaani nafasi 6 kati ya 36. Ni kidogo, lakini inatosha kumnyima kamanda usingizi. La muhimu ni kwamba dadu zinampa mchezaji ruhusa tu. Kisu anachomoa mwenyewe.

La pili ni utii wa makamanda. Tarehe 11 Juni 1289 pale Campaldino, vita ambayo mshairi Dante, akiwa kijana, alipigana kama mpanda farasi, Corso Donati alikuwa na kikosi cha akiba na amri ya kutosogea. Akasogea, akampiga adui ubavuni, na adui huyo, mji wa Arezzo, ukashindwa. Mchezaji anayeongoza akiba aruhusiwe kuvunja amri: akishinda anapata heshima 3, akishindwa anahukumiwa na kundi lake. Wakubwa wa koo hawakuwa maofisa wa kupokea amri.

Hatua ya 8: Ushindi na mpasuko

Usihesabu miji iliyotekwa. Mwisho wa zamu ya 24 kila ukoo uhesabu nyumba zake ndani ya Firenze, watoto wa kiume walio hai, na heshima. Walio nje ya mji wahesabu nusu.

Ukitaka kuendelea zaidi ya 1269, ongeza kanuni moja: kundi likishika mji miaka 10 bila mpinzani wa maana, lipasuke. Tafuta koo mbili ndani yake zenye kinyongo kikubwa kuliko vyote na uzifanye vichwa vya makundi mapya. Hivyo ndivyo ilivyotokea kati ya Donati na Cerchi, Weusi na Weupe, wote Wagwelfi. Jioni ya tarehe 1 Mei 1300 vijana wa pande hizo walipigana kwenye sherehe, na Ricoverino de' Cerchi akakatwa pua. Novemba 1301 Charles de Valois, ndugu wa mfalme wa Ufaransa, akaingia mjini, Weusi wakashika hatamu, na Machi 1302 Dante, aliyekuwa ameshafukuzwa, akahukumiwa kuchomwa moto akikamatwa. Mfumo wako ukiwa sawa, hutahitaji kuyaandika haya kama matukio maalumu. Vinyongo vitayaleta vyenyewe.

Hatua ya 9: Kujaribu

Usipime kama Montaperti imetokea mwaka 1260. Pima mwendo. Kati ya 1248 na 1267 kundi moja au jingine lilifukuzwa au kukimbia Firenze mara nne: 1248, 1258, 1260 na 1267. Endesha mchezo mara nyingi. Ukiwa kwenye kompyuta, mara mia si kazi. Katika zamu 24 unatakiwa kuona kufukuzwa mara mbili au tatu.

Ukiona hakuna, gharama ya kuishi nje ni kubwa mno: shusha malipo ya wapanda farasi, au teremsha kikomo cha ari ya mwenyeji kutoka 6 hadi 4. Ukiona sita au saba, kipimo cha Popolo kinapanda polepole mno, kiongeze. Kundi moja likishinda kila mara, chunguza walezi kwanza. Mara nyingi Manfred anaishi muda mrefu kuliko alivyoishi. Koo zikikaa upande mmoja mchezo mzima, punguzo la 15 halitoshi, lipandishe hadi 20.

Kisha jaribu mfumo mahali pengine kabisa. Kilwa mwanzoni mwa karne ya 16 inafaa: maamiri wamekamata nguvu za masultani, Amir Ibrahim anatawala bila kukubaliwa na wote, na mwaka 1505 Wareno wakiongozwa na Francisco de Almeida wanauvamia mji na kumtawaza Muhammad Ankoni, mkubwa wa mji aliyekubali kuwa upande wao. Badilisha majina ya koo, futa Papa, mweke Mreno kama karata ya mlezi mwenye vikosi vingi na masharti mabaya. Ikibidi kuandika kanuni mpya zaidi ya tatu ili mchezo uende, basi sehemu kubwa ya ulichojenga ni Firenze tu. Rudi Hatua ya 3 na uangalie ni alama zipi ulizipanga kwa kufuata tukio badala ya chanzo chake.